Micro ya Mbuzi Mmoja, Salamu ya Watu Wawili

Uvira, Mulongwe, tarehe 5 Februari 2023

Shangazi Libérate mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta huko Kiringye ukiwa na afya, na nguvu za kunigombeza bado ziko. Hapa tunaendelea vizuri. Goti la mama linamsumbua, hasa akirudi sokoni na mzigo. Dada Noella amejifungua mtoto wa kiume kule Bukavu, wamemwita Ndikumana, jina la marehemu baba, lakini kwa ginsi analia, mume wake anamwita Sirène. Mto haujatufikia mwaka huu. Ulifika kwa jirani tu, asubuhi akakuta samaki mu sufuria yake na akasema Mungu ni mwema. Mama anakusalimu sana.

Sasa neno lililofanya ninunue karatasi. Shangazi, minye nataka kufungua studio. Usicheke kwanza. Si studio ya vioo kama zile za Bujumbura. Ni kile chumba cha nyuma ambamo baba alikuwa anaweka baiskeli. Kwaya za hapa, na zile za Kalundu, zikitaka kurekodi zinavuka mpaka, zinalipa njia, zinalipa studio, na zinarudi na wimbo moja na njaa. Kazi hii nimejifunza mwaka mzima pale redio ya mtaa. Ordinateur, yaani kompyuta, ninayo, ya mkono wa pili, nzito kama jiwe la kusagia, lakini inawaka. Kinachokosekana ni micro ya kuimbia, casque ya masikioni ya kusikilizia, nyaya, na carte son, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye micro na kuiingiza mu ordinateur.

Najua unafuga mbuzi. Najua pia kwamba mtu aliyefundisha darasani miaka thelathini hatoi mbuzi bila kuuliza maswali. Basi uliza.

Binti wa kaka yako,
Délice Iradukunda


Kiringye, tarehe 26 Februari 2023

Délice,

Barua yako imefika juzi. Dereva Ciza aliiweka chini ya kiti cha lori lake la Fuso, karibu na bidoni la mafuta ya mawese, kwa hiyo niliinusa kabla ya kuisoma. Minye niko mzima. Mpunga umeanza kutoa vichwa na ndege wamepata habari hiyo kabla yangu. Kankindi, jirani yangu wa nyuma ya ua, ameng'oa jino, analizungusha kijiji kizima amelifunga kwenye kitambaa. Réseau ya simu hapa inakuja inapotaka yenyewe, kwa hiyo endelea kuandika. Huyo mtoto wa Noella mwacheni alie. Kaka yangu naye alilia hivyo hivyo na akawa mtu mzuri.

Haya. Umeandika: "Mama anakusalimu sana." Nani alikutuma uandike uongo huo? Mkono wako niliufundisha mimi, na ukidanganya herufi zinalala. Mama yako hajanisalimu tangu ndoa ya Noella, Julai 2021. Naona umeamua kusahau, basi nikukumbushe. Nilitoka hapa alfajiri na wanawake watano, na vikapu kichwani. Tulipofika mlangoni nikamwona mama yako kwenye baraza pamoja na wakwe zake wapya wa Bukavu. Nikaanza akazehe. Weye ni mtoto wa mjini lakini hilo unalijua: wanawake waliopoteana wakionana hawaulizani "habari gani" kama watu wa ofisi. Mmoja anaanza kuimba salamu, mwingine anaingia katikati ya pumzi yake, wanakwenda hivyo wameshikana mikono mpaka wameulizana watoto, ng'ombe na marehemu wote. Akazehe ya mtu mmoja haiko. Minye nilianza. Mama yako alinitazama, akageuka, akaingia ndani kutafuta Fanta. Nikabaki nimeachama mbele ya watu mia mbili. Anasema hakusikia kwa sababu ya masipika. Haya, hakusikia.

Hayo nimemaliza. Sasa twende kwenye micro. Nina mbuzi wanne, lakini mmoja ana mimba, kwa hiyo hesabu watatu. Bei uniandikie kwa mbuzi, dola sizijui tabia. Na kwa kila kitu uniambie kinafanya kazi gani, na kisipokuwepo ni nini kitaharibika. Kama hakuna kitakachoharibika, hatununui.

Shangazi yako,
Libérate Ninahazwe


Mulongwe, tarehe 19 Machi 2023

Shangazi yangu mkali,

Salamu nyingi, safari hii ni zangu peke yangu, sidanganyi. Poleni na ndege. Goti la mama limepata nafuu tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto. Jino la Kankindi tumelicheka mpaka mama akauliza tunacheka nini, nikamwambia ni mambo ya redio.

Shangazi, nimefanya upumbavu na ni afadhali uusikie kutoka kwangu. Sikukungoja. Nilipita mjini, nikaona mu duka moja sanduku lenye picha nzuri: micro ya aina wanayoita condensateur, na mkono wake wa chuma, na sponji yake, na taa nyekundu. Ilikuwa inametameta, minye na akili zangu zote tukaingia dukani. Nilitoa akiba yangu, sawa na robo tatu ya mbuzi.

Nikafunga mlango, nikasoma Zaburi moja kwa kujaribu. Nilipoisikiliza mu casque ya kuazima, Zaburi iko kwa mbali kabisa. Mbele yake kuko moulin ya kusaga mihogo ya ng'ambo ya barabara, na pikipiki kumi na moja, na mchungaji wa mtaa wa pili, na kuku anayetaga. Tena kuko mama, jikoni, anamwambia jirani: "Binti yangu amepata mchumba wa chuma, anamfungia mlango." Njo micro ya namna hiyo! Inasikia mtaa mzima isipokuwa mwenye nyumba.

Sasa nimeelewa, ingawa nimechelewa. Condensateur ina masikio makali, inataka chumba chenye ukimya. Aina ya pili inaitwa dynamique. Hiyo ni ngumu, haina taa, haimetameti, na inasikia yule tu aliyeweka mdomo karibu. Muuzaji amekubali tubadilishane, lakini niongeze. Kwa hesabu yako ni hivi: micro dynamique, mbuzi moja pamoja na stendi yake. Carte son ya tundu moja, mbuzi moja mdogo. Ya matundu mawili, mbuzi moja mkubwa mwenye hasira. Casque, nusu mbuzi. Masipika ya studio, usiulize, ni zizi zima.

Kuhusu ndoa ya Noella sina la kuongeza.

Délice


Kiringye, tarehe 16 Aprili 2023

Délice,

Pasaka ilikuwa njema, tulikula, mvua ikatufukuza kanisani mara mbili. Ndege nimewashinda kwa mabati na kamba. Kankindi amepoteza lile jino na sasa anatutuhumu sote.

Micro yako nimeifikiria wakati wa kupalilia. Chukua hiyo dynamique. Unakaa Mulongwe, haukai mbinguni. Kitu chenye masikio makali kitakuletea umbea. Ile inayosikia mtu aliye karibu tu inatosha. Nasikia mama yako naye ni wa aina hiyo.

Carte son nunua ya matundu mawili. Unataka kurekodi kwaya, kwaya ya mdomo mmoja umeiona wapi? Casque iwe ile inayofunika sikio lote, usininunulie vile vijidudu vya kuchomeka. Masipika makubwa hapana. Masipika yamekwisha kuigharimu familia hii vya kutosha. Utasikilizia kwenye casque, siku kwaya zikikulipa utanunua mwenyewe.

Nimeuza mbuzi wawili. Mmoja alikuwa yule anayekula daftari za katekisimu, kwa hiyo parokia nzima inakushukuru. Pesa zimo ndani ya kitambaa, mikononi mwa Ciza, na nimemwambia nazijua kwa idadi. Ameniapia. Amebeba pia magunia sita ya pumba za mpunga. Yapange kwenye ukuta ulio upande wa barabara, hadi juu. Shule yetu ya zamani ilikuwa kando ya njia ya malori, tulifanya hivyo, na watoto wakaanza kunisikia, kwa bahati yao mbaya. Juu ya mlango tundika mablanketi.

Na jambo lingine. Umeandika kwamba kuhusu ndoa ya Noella huna la kuongeza. Mtu asiye na la kuongeza anamaliza barua, anaweka jina lake. Nakungoja.

Libérate


Mulongwe, tarehe 11 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kimya. Barua yako ilifika mwezi wa nne, pesa zilifika zote, magunia yalifika. Nilianza kukujibu mara tatu. Hapa tuko wazima. Noella anasema Sirène ameanza kucheka. Mama anauza tena samaki, goti limenyamaza.

Studio imesimama! Micro dynamique moja nimebadilishana na ile ya kumetameta, nikaongeza, nyingine redio wamenipa kwa kuwa ilikuwa imepondeka kichwa, nikainyoosha kwa kijiko. Carte son ya matundu mawili. Casque inayofunika sikio. Mbele ya micro nimefunga soksi ndefu ya nailoni kwenye waya wa duara, ili "p" na "b" za waimbaji zisipige kama mlango. Magunia yako yamefunika ukuta wote. Kuku wa jirani waliingia siku ya kwanza wakadhani ni karamu, gunia moja likaanguka, nilifagia pumba mpaka jioni. Lakini Shangazi, ukifunga mlango, barabara inapotea. Niliketi mule ndani nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Nikacheka peke yangu kama kichaa.

Wa kwanza kujaribu alikuwa mama. Nilimwambia: imba chochote, ni essai, kujaribu tu. Akasema yeye si mwimbaji. Nikamvisha casque. Alipojisikia ndani yake alishtuka, akaugusa ukuta wa magunia, akauliza haya yametoka wapi. Nikamwambia. Kisha akafumba macho akaanza akazehe. Na kwenye akazehe lazima umtaje unayemsalimu. Alikutaja weye, Shangazi. Jina lako lote, na la baba yako, na la kijiji. Mimi sikumwambia akutaje.

Baadaye, nikisikiliza, niliona kuna vipande vitupu. Anaimba, ananyamaza, anaendelea. Nikadhani ni kosa la nyaya, nikataka kuvikata ili wimbo uwe laini. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe njo nikaelewa: pale anaponyamaza ni mahali pako. Alikuwa anakuacha uingie.

Sasa acha niseme kile ambacho sikuongeza. Ile siku ya ndoa, mwenye masipika alikwenda kula, akaniachia mitambo. Niliwaona mkifika na vikapu vyenu. Niliona aibu mbele ya wale watu wa Bukavu, wenye suti zao. Uliposhika pumzi kuanza, nilipandisha sauti mpaka mwisho. Ni mkono wangu, Shangazi. Miaka miwili nimekaa nalo. Naona haya hata kuliandika.

Nimekutumia salamu ya mama kwenye carte mémoire, kile kikadi cha kuchomeka kwenye simu, pamoja na casque ndogo ya kuazima. Usikilize, uimbe sehemu yako kwenye simu ya mtu, unirudishie. Nitaziweka pamoja, moja kila upande wa casque. Mtakuwa mumesalimiana.

Délice


Kiringye, tarehe 9 Julai 2023

Délice, mtoto weye,

Keti chini kabla ya kusoma. Minye mzima, mpunga umevunwa, magunia kumi na manne, namshukuru Mungu. Lakini umeniaibisha na sijui nikupige au nikucheke.

Casque yako ilifika imekatika, Ciza aliikalia. Nikaenda kwa Étienne, katekista, ambaye ana redio inayomeza kadi. Akaileta kwangu, akaiweka juu ya kinu, uani, akaipandisha sauti kama kawaida yake. Mama yako akaanza kunisalimu. Délice, nilikuwa nachambua maharage. Sauti ya Marie uani kwangu! Kumbuka huku hakuna mtu aliyewahi kusikia akazehe ikitoka kwa mtu ambaye hayupo. Kankindi akatupa kisu cha mihogo, akaja mbio akipiga kelele: "Marie amekuja! Marie amekuja!" Kabla sijasimama wanawake walikuwa wamejaa, mmoja na mtungi wa pombe ya ndizi, mwingine na kiti cha mgeni.

Na minye? Mdomo wangu ulijibu wenyewe. Mtu anakusalimu uani kwako, mbele ya majirani, utanyamaza? Niliingia kwenye kila nafasi aliyoniacha, mpaka mwisho, na maharage yakiwa kwenye khanga. Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakauliza: mgeni iko wapi? Nikaonyesha redio. Kankindi aliizunguka, akachungulia nyuma yake. Étienne akataka kuwaeleza habari za carte mémoire, wakamwambia anyamaze. Pombe waliinywa, maana ilikwisha kufika. Hiyo sehemu yangu hakuna aliyeirekodi. Simu ya Étienne haikuwa na moto, betri ilikuwa imekwisha.

Zile nafasi ungezikata, ningekukata masikio.

Kuhusu mkono wako. Uliona aibu juu yangu, hilo limeniuma, sitakuficha. Nililia kidogo, nikaacha, kazi zilikuwa nyingi. Nimekusamehe. Lakini usijibebeshe mzigo usio wako. Weye ulipandisha sauti, sawa. Mgongo aliugeuza mama yako. Nilikuwa nimeachama hatua nne mbele yake, na mdomo wangu si mdogo.

Sirekodi kitu. Salamu ya watu wawili siwezi kuipasua nikakutumia kipande kwenye gari. Kadi yako nakurudishia. Mara ile nilikwenda mimi. Sasa ni zamu ya Marie kuja, na miguu yake, na goti lake. Mwambie hivyo. Kiti cha mgeni bado kiko uani, nimekataa kukirudisha.

Libérate


Mulongwe, tarehe 2 Septemba 2023

Shangazi,

Barua hii ni ya haraka, Ciza anapiga honi. Sote wazima. Kwaya ya Kalundu imerekodi nyimbo nne kwangu, hawakuvuka mpaka, na wamelipa. Waliniuliza magunia ni ya nini, nikawaambia ni mambo ya ufundi.

Nilimpa mama ujumbe wako. Habari ya Kankindi ilimchekesha mpaka akashika mbavu. Kisha akasema: "Minye nimekwisha kusalimia. Salamu yangu iko mu ordinateur, na iko Kiringye, kijiji kizima kimeisikia. Zamu yake." Wiki sita, Shangazi! Kila mgeni akiingia, mama ananiita: "Délice, wasikilizishe ginsi nilivyomsalimu wifi yangu." Watu wanasikiliza, wanasifu, wengine wanatoa machozi. Mama anakaa pale, ametulia, kama mtu aliyelipa kodi. Hiyo kwaya ya Kalundu ilikuja kwa sababu waliisikia sauti ile. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi, na sijui kama nitapata kingine.

Jumamosi iliyopita niliifuta. Kwanza mu ordinateur, halafu kadi uliyonirudishia, halafu simu yangu. Nilihakikisha haiko mahali popote. Nililia mule ndani kati ya pumba zako, hakuna aliyenisikia, studio ni nzuri. Ndipo nikatoka nikamwambia.

Siku tatu alipika ugali wa mtu moja. Siku ya nne akaja mlangoni pa studio.

"Hata ile ya simu?"

"Hata hiyo, mama."

"Basi sijamsalimu."

"Haujamsalimu."

Akaenda kupiga pasi kitenge.

Mama iko mu Fuso sasa hivi, amekaa mbele karibu na Ciza, na goti lake, na samaki wakavu kilo tano. Kuna neno anataka kukuambia juu ya wale wakwe wa Bukavu, linafanana na langu. Nimelisikia, lakini nimemwachia alibebe mwenyewe. Aliniuliza kama nitakuja na micro. Nikakataa.

Barua hii anaibeba yeye. Nimemwapisha asikupe mpaka mmalize kusalimiana. Kwa hiyo kama unaisoma, salamu imekwisha, na mimi nimebaki huku na casque yangu, sikusikia kitu. Tafadhali, Shangazi, niandikie ilikuwaje.

Délice